Maneno Manne Yenye G, H na T

Karani wa mahakama ya wenyeji pale Kasongo alisema ni rahisi zaidi kumfundisha mbuzi kupiga pasi kuliko mimi kujua Kiingereza. Mjomba wangu alisema nitafika Kabambare, miguu itavimba, nitaoa huko huko na kulima muhogo wa watu. Mwalimu wa chuo aliyenifundisha Kurani, ambaye sijapata kumsikia akimcheka mtu, alinicheka mimi. Nayaandika haya mwanzoni kabisa kwa sababu wote watatu walikosea, nami nimeishi nikaona walivyokosea. Diploma yangu iko ukutani ndani ya kioo, na hata leo mgeni akiingia humpa kiti kinachoitazama.

Mambo yalianza na chumvi. Mama alinituma dukani, mwenye duka akaifunga chumvi katika karatasi ya kitabu kilichochanika, kama ilivyofungwa kila kitu wakati ule wa Wabelgiji. Nilipokwisha kuimimina chunguni nikabaki na ukurasa mkononi. Herufi za kizungu nilizijua, maana nilikaa miaka miwili katika shule ya mapadri kabla baba hajaniambia nichague kati ya shule ile na dini yake. Lakini maneno ya ukurasa ule hayakuwa Kifaransa. Yalishuka moja chini ya jingine kama watu kwenye mstari wa kodi: light, night, right, eight, weight, freight, tight, bought, brought, thought, nought. Yalikuwa kama thelathini, na kila moja lilibeba herufi zilezile tatu, g, h na t, zimeshikana kama ndugu wanaokataa kulala vyumba tofauti.

Niliyasoma kama tunavyosoma sisi, kila herufi na haki yake. Ligihiti. Nigihiti. Weigihiti. Mama aliniuliza kama nimeanza kuswali kwa lugha ya majini.

Mtu mwingine angewashia moto karatasi ile. Mimi niliona kitu ambacho hakuna aliyekiona Kasongo nzima. Wafanyabiashara wetu walikuwa na jamaa na wadeni ng'ambo ya ziwa, Ujiji na Tabora, na barua za maduka ya Wahindi wa huko zilikuja kwa Kiingereza. Zilifika, zikazungushwa mji mzima, zikarudi mfukoni zikiwa hazijasomwa. Makarani wa Kifaransa tulikuwa nao. Wa Kiingereza hakuwako hata mmoja. Nilisema moyoni: mtu huyo nitakuwa mimi, nami nitaanza na maneno haya thelathini, kwa kuwa ndiyo niliyo nayo.

Kwanza ilibidi nijue yanatamkwaje. Nikaenda kwa mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa mpagazi katika vita ile Wabelgiji walipokwenda kuwapiga Wajerumani Tabora, kisha akabeba mizigo ya Waingereza. Nilimwekea ukurasa mbele. Hakujua kusoma, lakini nilipomwambia ni maneno ya Kiingereza alikaa wima kwenye mkeka.

"Mimi niko na moja," alisema. "Kila asubui muzungu anasimama kwa mizani. Unaweka muzigo. Anapiga kelele: weit! Ni uzito. Kama uzito imepita, wanapunguza. Kama haiyafika, wanakuongezea. Mimi yangu haikupunguzwa hata siku moja."

Nikatafuta kwa kidole: w, e, i, kisha wale ndugu watatu. Weight. Kumbe g na h walikuwa wapagazi wasiosema, wanabeba tu. Nilipiga kelele kwa furaha, nikasimama niende.

"Unaenda wapi na neno yangu?" mzee aliuliza.

"Si umenipa, baba?"

"Sikukupa. Nimeibeba kwa kichwa toka Tabora mupaka hapa. Nimekuazima." Akamgeukia mkewe aliyekuwa anapepeta mchele. "Mama, umesikia? Ameazima."

"Nimesikia," mkewe alijibu bila kuinua macho. "Weit. Moja."

Sikushangaa sana. Kwetu kukopa ni chumvi au mafuta, unarudisha nyingine. Kuazima ni kanzu, shoka, sahani: kinarudi kilekile. Na kitu cha watu hakirudi kitupu. Ukirudisha kanzu, unaipeleka pamoja na sahani yako yenye mkate, au embe, au hata chumvi kidogo. Mwenyewe akiona mambo yamekwisha, humwaga kilichomo papo hapo na kukupa sahani yako uliyobebea. Akiona bado kuna la kusema kati yenu, huiweka sahani hiyo ndani, na siku nyingine ataileta kwako, nayo haitakuja tupu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nilidhani mzee anatania, nikaitikia kwa heshima: nimeazima, nitarudisha.

La pili niliazima kwa mama mmoja aliyeuza kanga na merikani karibu na msikiti. Aliwahi kukaa Ujiji akiwa kijana, na kila alipoingia duka moja kubwa mwenye duka alimwuliza kwa Kiingereza amenunua nini leo. Bought, ndilo neno lililomo. Alinifundisha kulisema huku akipima kanga kwa mkono, "Boot, mwanangu, fungua mudomo kidogo, hapana kama mutu anatapika." Naye aliniambia nilirudishe.

La tatu sikuliomba. Karani wa mahakama alisikia ninavyozunguka mjini na ukurasa wa chumvi, akaniita mbele ya watu waliokuwa wanangoja kesi zao. Alikuwa amevaa kaptula iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe.

"Kuja, muswahili wa Kingereza. Na mimi nikuazime moja. Nought. Unajua maana yake?"

"Sijui, bwana karani."

"Ni sifuri. Kulikuwa muzungu mmoja anatafuta zahabu kule upande wa Salamabila. Kila jioni anaandika kwa kitabu yake: nought. Kesho: nought. Mwisho akaenda kwao. Na weye ndiyo neno utarudi nayo." Watu walicheka mpaka polisi aliyekuwa mlangoni akacheka. "Siku utaleta diploma ya Waingereza hapa, mimi naacha hii kiti."

Nilisema, "Nimeazima, bwana karani." Walicheka tena.

Nilipata ruhusa ya kusafiri kwa shida ambayo sitaieleza, nikatoka kwa miguu. Kabambare nilifika, na miguu ilivimba kweli, mjomba alikuwa na haki hapo. Nililala siku tatu kwa mtu mmoja aliyewahi kuchochea moto katika meli ya ziwani, aliyebakiwa na vidole tisa. Huyo aliniazima la nne: tight. Kila boliti, kila kamba, kila mlango wa tanuru, Mwingereza wa mashine alikuja akagusa na kusema tight, maana yake kitu kimekazwa barabara. "Siku moja mimi nikasema tight bila kugusa," aliniambia, akaonyesha mahali pa kidole kisichokuwapo. "Neno hii usiiseme kama haujagusa." Nikacheka, nikaenda zangu Fizi, nikavuka ziwa.

Tabora nilikaa karibu miaka mitatu. Asubuhi nilipakua mizigo stesheni, alasiri nilisoma katika darasa dogo la makarani, Kiingereza cha barua za biashara na kupiga taipu. Nitasema ukweli ulivyo: katika darasa lile nilikuwa mzee kuliko wote na nilikuwa mbele ya wote. Wenzangu waliosoma tangu utotoni walikuwa wakiandika wanavyosikia. Mimi nilianza upande mwingine, niliona kwanza herufi, kisha nikatafuta sauti, basi ndugu wangu watatu hawakunipotea hata mara moja. Kila wiki niliongeza katika daftari: straight, height, caught, daughter. Nilipofika kwenye mizani ya stesheni na kusoma weight juu yake, nilimwona mzee wangu amesimama pale na mzigo usiopunguzwa.

Siku ya mtihani mwalimu alisoma barua tuiandike. Alisema kwamba mizigo minane imeletwa, uzito wake ni huu, nauli yake imelipwa, vitambaa vilinunuliwa Ujiji na vimefungwa kwa kukazwa. Niliona maneno ya ukurasa wa chumvi yakipita mbele yangu moja moja: eight, brought, weight, freight, bought, tight. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilimaliza, nikaweka kalamu, nikatazama nje. Nilikuwa wa kwanza, na sitaomba radhi kwa kulisema.

Nilirudi Kasongo na vitu vitatu: diploma, mashine ya taipu iliyokwisha kutumika lakini nzima, na sahani moja ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu niliyonunua Kigoma. Mama alipika wali kwa watu wote wa mtaa. Nilivaa koti. Niliitundika diploma kwenye nguzo ya baraza, nikasimama na kutoa hotuba kwa Kiingereza, ambayo hakuna aliyeielewa na ndiyo sababu niliirefusha. Mwishoni niliyasema maneno yote ya ukurasa wa chumvi kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemwaga sarafu mezani. Weight! Bought! Tight! Nought! Vijana walipiga makofi.

Wazee hawakupiga. Mzee mpagazi alikuwa amekaa mbele kabisa, alitazama sahani yake ya wali, akaacha kula. Yule mama wa kanga alijifunika vizuri, akamwambia mama yangu "Tumeshiba, dada," akaondoka kabla ya chai. Nilifikiri amechoka.

Kesho yake niliweka meza barazani, mashine juu yake, na kibao: BARUA ZA KIINGEREZA. Nikangoja. Siku ya kwanza hakuja mtu. Wiki ikaisha, hakuja mtu. Niliwaona wafanyabiashara wakipita na bahasha kutoka Ujiji, macho mbele, wakaenda kwa karani wa mahakama, ambaye aliwaandikia majibu kwa Kifaransa kwa watu wasiojua Kifaransa. Mwezi wa pili nililisafisha taipu kila siku ili lisishike kutu. Karani alipita siku moja na baiskeli, akapunguza mwendo.

"Bwana Diploma! Leo umeandika ngapi?" Hakungoja jibu. Alichora sifuri hewani kwa kidole, akakanyaga pedali.

Usiulize kama niliumia. Nilikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza kutoka mtoni hadi ziwani, na watu wangu walikuwa wanaruka meza yangu kama shimo. Nilianza kufunga sanduku nirudi Tabora, na nilijua nikirudi sitakanyaga tena Kasongo, maana ningerudi kama mtu aliyeshindwa na watu wake. Mama aliona sanduku. Aliuliza tu, "Umemuaga mzee jirani?" Sikuwa nimemuaga. Kwa aibu ya kumpita mlangoni, nikaenda.

Alinikaribisha mkekani, nami nikauliza kabla salamu hazijaisha.

"Baba, mji huu nimeukosea nini?"

"Mutoto, kama umeazima kanzu ya mutu, ukaivaa kwa arusi, na mwenyewe amekaa pale, unafanya nini?"

"Namwendea kwanza. Namwambia, ndugu, kanzu yako hii, nimeivaa kwa ruhusa yako."

"Ee. Na kama haukumwambia? Unapita mbele yake, unazunguka, watu wanasema kanzu nzuri, unasema asante?"

Nilianza kuikumbuka hotuba yangu.

"Ulivaa weit yangu mbele yangu," alisema. "Na boot ya mama. Ulisema asante kwa makofi. Watu wamesema: huyu akiandika barua zetu, maneno yetu yatakuwa yake pia."

Mkewe alikuwa palepale, na ungo uleule. "Moja," alisema. "Mimi ni shahidi."

Mimi si mtu wa kujidharau, lakini siku ile nilijiona mdogo. Nilikuwa nimefikiri kurudi kwangu ndiyo malipo. Nilimwuliza mzee neno linarudishwaje. Alisema kama kila kitu: lilelile, mbele ya watu, na kitu juu yake. Na nilipomwambia kwamba nitamlipa hata karani, nitampelekea sahani tupu kabisa, kwani aliniazima sifuri na sifuri ndiyo atakayopata, mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Vizuri. Basi weye na yeye mutakuwa sawasawa." Alifuta macho. "Unataka kuwa sawasawa na yule?"

Hapo alinishika. Sijawahi kutaka kuwa sawa na karani yule.

Nilianza mbali, kwa baiskeli, Kabambare, siku tatu za njia mbaya na mvua. Mtu wa vidole tisa sasa alikuwa anatengeneza majembe. Niliita majirani zake, nikamwekea sahani ya bati mikononi: karatasi niliyopiga taipu neno tight peke yake, na juu yake mikate ya mchele. Nilisema kwa sauti kwamba neno hili ni la mtu huyu, kwamba alinionya nisiliseme bila kugusa, nami nililisema mbele ya watu bila kumgusa mwenyewe. Alisoma karatasi kwa kidole kimoja kati ya tisa, akaimwaga mikate kwa watoto, akanirudishia sahani. "Imekazwa," alisema. Yamekwisha.

Mama wa kanga nilimrudishia neno lake mbele ya duka lake, Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Juu ya sahani niliweka karatasi ya neno lake na karatasi ya pili, barua nzima ya Kiingereza kwa mwenye duka wa Ujiji, niliyoiandika bila malipo kutokana na bahasha yake ambayo ilikaa mwaka mzima haijajibiwa. Alinifanya nimsomee, kisha nimfasirie, kisha nimsomee tena kwa Kiingereza ili majirani wasikie. Nilipofika kwenye bought aliinua kidole: "Ile iko yangu." Akazitoa karatasi zote mbili, akanipa sahani. Na kabla sijaondoka, mtu nyuma yake alitoa bahasha mfukoni akauliza kama kesho nitakuwa mezani.

Kwa mzee sikuwa na haja ya kwenda mbali. Nilimwekea mchele wa Kasongo, ule mweupe, sahani imejaa mpaka inalemea mkono, na juu yake weight. Nikasema mbele ya mtaa wetu wote kwamba Tabora niliiona mizani, na kwamba mzigo wa mtu huyu haukupunguzwa hata siku moja. Aliishika sahani kwa mikono miwili, akaipandisha na kuishusha kidogo, kama mtu anayepima. "Imetimia," alisema. Mkewe aliumwaga mchele kwenye ungo, akanirudishia sahani yangu, akasema, "Hakuna."

Alibaki mmoja.

Nilichagua siku ya kesi, saa watu wamejaa. Nilivaa koti, na diploma niliishusha nikaiweka kwapani, maana nilikuwa sijasahau habari ya kiti. Karani aliniona nikiingia na sahani iliyofunikwa kitambaa, akaacha kuandika. Watu walisogea waone. Nafikiri wote walijua kitu gani kinaweza kuwa chini ya kitambaa, na karani alijua kuliko wote. Kola yake ilikuwa imelowa jasho.

"Bwana karani," nilisema, "kabla sijaenda Tabora uliniazima neno mbele ya watu hawa. Nilikaa nalo vizuri. Leo ninalirudisha." Nikafunua.

Yalikuwamo mayai manane, meupe, mapya, na karatasi. Aliisoma. Nilikuwa nimepiga taipu maneno mawili kwenye mstari mmoja: eight nought.

"Lako ni la nyuma," nilisema. "La mbele ni nane, nimeliweka mimi. Lina herufi zilezile tatu, ni ndugu yake."

Karani alihesabu watu wa kodi maisha yake yote, hakuhitaji kufundishwa. "Makumi nane," alisema polepole, yaani themanini. Mtu mmoja nyuma akarudia, "Makumi nane," na polisi wa mlangoni akapiga makofi, na safari hii wazee walikuwa wa kwanza kumfuata.

Diploma nilikuwa nimeshaanza kuitoa kwapani. Nikairudisha. Kiti nilimwachia, sikukihitaji, meza yangu ilikuwa na watu kumi na moja wanaongoja.

Nilisimama kidogo nipewe sahani. Karani aliyatazama mayai, akanitazama mimi, kisha akafungua kabati lake, akaisogeza mihuri na daftari za kodi, na kuiingiza sahani yangu ndani pamoja na mayai yake yote manane. Akafunga mlango wa kabati. Nilitoka mikono mitupu, nikaenda moja kwa moja nyumbani kumwambia mama aongeze kiti kimoja barazani.